Apolo Kagwa: Katikiro aliyegawa ardhi ya Buganda

Na Mwandishi Wetu, Singida

MKAZI wa Singida Mjini anayehitaji kiwanja cha kujenga, kiwe kando ya Ziwa Singidani au Ziwa Kindai, huijua njia ya kupita: ofisi ya ardhi ya manispaa, upimaji, barua ya toleo na mwisho hati yenye miaka isiyozidi 99. Anaweza kuchoshwa na foleni na kulalamikia ada, lakini mwisho wa yote anashughulika na serikali, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaitambua ardhi yote ya Tanzania kuwa mali ya umma iliyo chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mwenye nyumba anamfahamu, tena vizuri sana ifikapo mwisho wa mwezi. Bwana mwenye ardhi, ambaye babu yake alipewa vilima na mabonde pamoja na watu waliokuwa wakiishi humo, hamjui.

Ng'ambo ya Ziwa Victoria hali ni tofauti. Katika eneo la Buganda, nchini Uganda, mtu anaweza kuwa amezaliwa katika shamba, amepanda migomba na mibuni, amewazika humo wazazi wake, lakini hati ya ardhi hiyo ikawa mikononi mwa mtu mwingine kabisa, ambaye pengine hajawahi kukanyaga hapo. Mashauri ya namna hiyo yamejaza mahakama za Uganda kwa miaka mingi, na watu wametolewa katika makazi yao kwa nguvu. Chanzo chake kinafahamika hadi tarehe. Ni mkataba uliotiwa saini Machi 10, mwaka 1900, na katika orodha ya Waganda walioutia saini jina la mbele lilikuwa la Katikiro, yaani waziri mkuu wa Kabaka, Apolo Kagwa.

Wasomaji waliokulia katika enzi za TANU watalikumbuka neno ukabaila. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililitaja sambamba na ubepari, na wanafunzi wa shule za msingi walilikariri bila kujua sawasawa lina maana gani. Katika mkoa kama Singida haikuwa rahisi kumwona kabaila kwa macho. Wanyaturu hawakuwa na mfalme mmoja, na Wajerumani walipofika walipambana na watu wa koo na viongozi wenye sifa zao binafsi, maarufu kuliko wote akiwa mwanamama Liti Kidanka. Anayetaka kumfahamu kabaila wa Afrika Mashariki hana budi kuvuka ziwa, na huko hatampata mfano ulio wazi zaidi ya Kagwa.

Ukabaila wa Ulaya

Neno lenyewe limetumika kueleza mambo ya Ulaya ya Zama za Kati. Baada ya Mtemi William wa Normandy kuiteka Uingereza mwaka 1066, aliigawa nchi kwa wakuu wake wa vita na kwa Kanisa, naye akabaki kuwa mwenye nchi yote. Miaka 20 baadaye, mwaka 1086, aliamuru iandikwe hesabu kubwa ya mashamba, watu, ng'ombe, majembe ya kukokotwa na vinu vya kusagia, ili ijulikane nani ana nini na anadaiwa nini. Mkuu alimpa mfalme askari wa farasi. Mkulima alimlimia mkuu siku kadhaa kila juma bila ujira, akasaga nafaka katika kinu cha bwana kwa malipo, na akalazimika kulipa hata alipotaka kumwoza binti yake. Wengi wao walifungwa katika ardhi: shamba lilipohama kutoka kwa bwana mmoja kwenda kwa mwingine, nao walihesabiwa pamoja nalo.

Buganda ya kabla ya ukoloni ilikuwa na ngazi zinazofanana na hizo. Juu alikuwapo Kabaka. Chini yake walikuwapo bakungu, yaani machifu wa majimbo, na batongole waliopewa maeneo madogo kwa kazi maalumu za ikulu. Kando yao walisimama bataka, wakuu wa koo, ambao haki yao ilitokana na makaburi ya mababu zao. Waliobaki walikuwa bakopi, watu wa kawaida, na chini kabisa watumwa waliotekwa vitani. Mkopi alimpelekea chifu wake pombe ya ndizi, vitambaa vya magome ya miti na nguvu za mikono yake. Alijenga uzio na barabara, na vita ilipopigwa ngoma alikwenda.

Lakini ilikuwapo tofauti moja kubwa, na ndiyo inayoyapa maisha ya Kagwa uzito wake. Mkopi wa Buganda hakufungwa mahali. Chifu alipozidi ukali, mkulima alifunga virago usiku akahamia kwa chifu mwingine, naye alipokewa kwa furaha, kwa kuwa ukubwa wa chifu ulipimwa kwa idadi ya watu wake. Kwa upande wake chifu naye hakuwa na uhakika wa kesho. Kabaka alimpandisha leo na kumvua madaraka wakati wowote, na mtoto wake hakurithi jimbo. Ardhi haikuuzwa wala kununuliwa. Kilichokuwa na thamani ni watu.

Kijana wa ikulu

Kagwa alizaliwa katikati ya miaka ya 1860, katika ukoo wa Nsenene, yaani ukoo wa senene. Hakuzaliwa katika nyumba ya mfalme. Kama vijana wengi wenye vipaji wa wakati huo, alipelekwa ikulu kuwa mtumishi wakati wa utawala wa Kabaka Mutesa wa Kwanza. Ikulu ilikuwa shule ya siasa. Kijana alijifunza kunyamaza, kukimbia akitumwa, kukumbuka maneno ya wakubwa na kutambua hasira ya mfalme kabla haijamfikia.

Wakati huo dini za kigeni zilikuwa zimefika. Uislamu uliingia na wafanyabiashara kutoka pwani, Waprotestanti wa Uingereza walifika mwaka 1877 na Wakatoliki kutoka Ufaransa mwaka 1879. Kagwa alijiunga na wasomaji wa Kiprotestanti, jina walilopewa kwa sababu kuwa Mkristo na kujua kusoma vilikwenda pamoja, na akabatizwa kwa jina la Apolo.

Mutesa alifariki mwaka 1884 na kurithiwa na mwanawe Mwanga, aliyekuwa bado kijana. Mwanga aliwaona wasomaji kuwa watu waliogawanya utii wao, nusu kwake na nusu kwa wageni, na mwaka 1886 aliamuru wauawe. Wengi wa waliouawa waliteketezwa Namugongo Juni 3 mwaka huo, na hadi sasa siku hiyo huwakusanya mahujaji kutoka Afrika Mashariki nzima, wakiwamo Watanzania wengi. Kagwa aliponea chupuchupu. Alijeruhiwa kwa kipigo cha Kabaka mwenyewe, lakini hakupelekwa kwenye moto, na muda si mrefu akakabidhiwa usimamizi wa ghala la ikulu. Mfalme aliyemuumiza alimhitaji.

Vita vya dini

Septemba 1888 Waislamu na Wakristo waliungana kumwondoa Mwanga. Muungano huo haukudumu hata majuma mengi. Mwezi uliofuata Waislamu waliwafukuza Wakristo mjini, nao wakakimbilia mpakani mwa Ankole, eneo la Kabula. Mwanga alikuwa amekimbilia kusini mwa ziwa, Magu na baadaye Bukumbi, katika eneo ambalo sasa ni mkoa wa Mwanza, akapata hifadhi kwa wamisionari wale wale aliokuwa amewatesa wafuasi wao.

Uhamishoni Wakristo waliongozwa na Honorat Nyonyintono, Mkatoliki. Alipouawa vitani mwaka 1889, uongozi ulimwangukia Kagwa. Oktoba mwaka huo jeshi lao lilimrudisha Mwanga katika kiti chake, na baada ya mapigano zaidi Waislamu walishindwa Februari 1890. Kagwa akawa Katikiro, akiwa na umri wa takriban miaka 25. Cheo hicho alikishika kwa zaidi ya miaka 35, muda ambao hata Makabaka wachache waliufikisha.

Ushindi uliwagawa washindi. Waprotestanti na Wakatoliki waligombania vyeo na ardhi, maana cheo kilikuwa ardhi. Desemba 1890 aliwasili Kapteni Frederick Lugard akiwa na bunduki ya mzinga ya aina ya Maxim kwa niaba ya kampuni ya Waingereza. Januari 24, 1892 pande hizo mbili zilipigana Mengo. Lugard aliwasaidia Waprotestanti na Wakatoliki wakashindwa, wakaachiwa jimbo la Buddu. Kagwa aliona siku ile, pengine kuliko Mganda mwingine yeyote, kwamba nguvu mpya ilikuwa imeingia nchini na kwamba anayesimama nayo hataanguka kirahisi.

Hakuiacha tena. Uingereza ilipotangaza himaya mwaka 1894 alikuwa upande wake. Mwanga alipoasi Julai 1897, Katikiro wake alibaki na Waingereza na kumpiga vita mfalme aliyemweka madarakani. Mwanga alivukia tena upande wa Wajerumani, akakamatwa, akatoroka, na mwaka 1899 akatekwa pamoja na Kabalega wa Bunyoro. Alifia Ushelisheli mwaka 1903. Nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa, tangu Agosti 1897, na mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja. Kwa kuwa mtoto huyo alikuwa bado anabebwa, nchi iliendeshwa na wasimamizi watatu: Kagwa, Mkatoliki Stanislaus Mugwanya na Mprotestanti Zakaria Kisingiri. Mkubwa kati yao hakuhitaji kutajwa.

Maili elfu nane

Katika hali hiyo ya kiti cha enzi chenye mtoto mchanga, aliwasili Sir Harry Johnston mwishoni mwa mwaka 1899, akiwa ametumwa kuweka utawala usiogharimu fedha nyingi za Uingereza. Alitaka kodi, na alitaka ardhi isiyolimwa iwe ya Malkia. Mazungumzo yalichukua takriban miezi mitatu. Wamisionari waliwashauri machifu na kutafsiri vipengele, na machifu hawakuwa watu wa kudanganywa ovyo. Walipoona hawataweza kuizuia serikali kuchukua sehemu ya nchi, walihakikisha sehemu inayobaki inakuwa yao wenyewe, milele, na watoto wao.

Mkataba ulikadiria Buganda kuwa na maili za mraba 19,600. Serikali ya kikoloni ilijitwalia maili 9,000 za ardhi iliyohesabiwa kuwa haijalimwa, pamoja na maili 1,500 za misitu. Kabaka alipewa maili 350. Machifu wakuu 20 wa majimbo walipata kila mmoja maili 8 kuwa mali yake binafsi na nyingine 8 za wadhifa. Wasimamizi watatu, akiwamo Kagwa, walipata kila mmoja maili 16 zake na 16 za cheo chake. Madhehebu ya dini yalipewa maili 92. Kisha zikatengwa maili 8,000 kwa ajili ya machifu na wamiliki wengine 1,000, na kazi ya kuamua nani awe miongoni mwao ikaachiwa Lukiiko, baraza la Buganda, ambalo mwenyekiti wake alikuwa Katikiro.

Ili kuzielewa hesabu hizo, maili moja ya mraba ni ekari 640. Maili 16 za Kagwa ni ekari 10,240, bila kuhesabu zile za cheo wala alizozipata baadaye katika mgawo na kwa kununua. Mkulima wa kawaida wa Singida anayelima alizeti na mtama katika ekari tano anaweza kupiga hesabu mwenyewe. Kwa sababu ya kipimo hicho, ardhi hiyo iliitwa mailo, neno la Kiganda lililotokana na maili, na ndilo jina lake hadi sasa.

Kipengele cha wakulima hakikuwamo. Mkataba ulieleza kwa kirefu mipaka, kodi, mishahara ya machifu na uendeshaji wa mahakama, lakini kuhusu haki ya mkopi juu ya shamba alilokuwa akilima haukusema lolote. Ulimtaja alipohitajika kulipa: rupia 3 kwa mwaka kwa kila nyumba na rupia 3 kwa kila bunduki.

Mgawo ulikuwa mbio. Ardhi haikuwa imepimwa, na kila aliyepewa alitakiwa achague mahali. Machifu walituma watu wao usiku na mchana kushika sehemu zenye rutuba na, zaidi ya yote, zenye watu, kwa kuwa ardhi tupu haikuwa na faida. Waliokuwa karibu na Katikiro walijua mapema. Waliokuwa mbali walifika wakakuta kilima chao kimeshaandikwa jina la mwingine. Orodha ya watu 1,000 ilivimba hadi kupita 3,000 kadiri wadogo walivyodai fungu lao, na wapima ardhi waliendelea na kazi kwa miongo kadhaa baada ya kalamu kuwekwa chini.

Hapo ndipo historia ya Buganda ilipogeuka kinyume na ile ya Ulaya. Kule mabwana walianza kwa kupewa ardhi ili wapigane vita vya mfalme, na karne nyingi zikapita kabla haijawa mali yao ya kuuza. Buganda iliruka hatua hizo kwa siku moja. Chifu aliyekuwa anaweza kufukuzwa kesho na Kabaka aliamka akiwa mwenye hati ya kudumu, na Kabaka mwenyewe akawa mmiliki mmoja kati ya wengi, ingawa mkubwa kuliko wote. Mkulima naye alipoteza silaha yake ya zamani, maana kila alikohamia alikuta ardhi ina mwenyewe.

London na vitabu

Haitakuwa haki kumweleza Kagwa kama mlafi wa ardhi tu. Alikuwa mchapakazi wa ajabu. Mwaka 1902 alisafiri kwa reli mpya hadi Mombasa na kutoka hapo kwa meli hadi Uingereza, kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Aliandamana na katibu wake, Ham Mukasa, aliyeandika kitabu kizima kuhusu safari hiyo. Sherehe iliahirishwa kutoka Juni hadi Agosti kwa sababu mfalme aliugua na kufanyiwa upasuaji, nao wakapata muda wa kutosha kuitazama nchi ya wakubwa wao. Mwaka 1905 alipewa cheo cha heshima cha Uingereza, na tangu hapo akaitwa Sir Apolo.

Aidha, aliandika. Kitabu chake cha historia ya Makabaka kilitoka mwaka 1901, kikafuatiwa na kingine cha ngano na mithali, kingine cha mila na desturi, na historia ya koo za Buganda. Alikusanya habari kwa wazee waliokumbuka mambo ya kale, akawaita, akawasikiliza na kuyaandika kwa Kiganda, katika wakati ambao Waafrika wachache sana wa bara waliandika vitabu. Mchungaji John Roscoe, aliyechapisha mwaka 1911 kitabu maarufu kuhusu Waganda, alitegemea sana msaada wake. Pia Kagwa alisukuma ujenzi wa shule, barabara na majengo ya matofali, na mbegu za pamba zilipoletwa mwaka 1904, machifu waliamriwa kuhakikisha zinapandwa.

Mzigo wa mkopi

Pamba ilileta fedha, na fedha ikaonyesha mailo ni nini hasa. Hapo awali mwenye ardhi alidai busuulu, kodi ya kukaa katika shamba, ambayo ililipwa kwa kazi ya mikono na baadaye kwa fedha. Juu yake ilikuwapo envujjo, fungu la mazao na pombe lililopelekwa kwa bwana kama alama ya utii. Mkulima alipoanza kuuza pamba, envujjo iliacha kuwa kibuyu cha pombe. Wako waliodai sehemu ya kumi ya pamba yote, na wako waliodai zaidi.

Mwaka wa mkopi ulikuwa kama ifuatavyo. Alilipa kodi ya serikali. Alilipa busuulu na envujjo kwa bwana. Alitoa mwezi mmoja wa kazi za kijamii bila ujira, zilizoitwa luwalo, akitengeneza barabara na majengo ya machifu. Serikali ilimchukua tena kwa kasanvu, kazi ya lazima yenye malipo kidogo, hadi ilipofutwa mwaka 1922. Mara nyingi bwana mwenye ardhi na chifu anayekusanya kodi na kuhukumu kesi alikuwa mtu mmoja, hivyo mlalamikaji hakuwa na mlango wa kubisha. Asiyelipa aliweza kufukuzwa na migomba yake akaiacha hapo hapo.

Kagwa aliujua mzigo huo kwa kuwa barua na kesi zilipita mezani kwake. Hakuna dalili kwamba aliuona kuwa ni dhuluma. Katika fikra zake chifu alistahili kutumikiwa, na serikali ya Buganda haikuweza kusimama bila machifu wenye nguvu. Ni lazima ikumbukwe kwamba machifu wale wale walikuwa ukuta dhidi ya walowezi. Katika nchi jirani ya Kenya, Wazungu walichukua nyanda za juu na kuwageuza wenyeji maskwota. Buganda hilo halikutokea kwa kiwango hicho, na sababu mojawapo ni kuwa ardhi nzuri ilikuwa imeshapata wenyewe, tena Waganda. Watetezi wa Kagwa huanzia hapo. Wapinzani wake huuliza ilikuwa ya Waganda gani.

Bataka wadai makaburi

Waliopaza sauti ya kwanza si wakulima, bali bataka. Katika mbio za mgawo, makaburi mengi ya koo yaliangukia ndani ya mailo za watu wa koo nyingine. Mkuu wa ukoo alijikuta mpangaji katika kilima walimolala babu zake, akilipa busuulu kwa mtu ambaye zamani asingethubutu kuingia hapo bila ruhusa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 walijiunga katika chama, mmoja wa viongozi wao akiwa James Miti, wakapeleka madai yao kwa Kabaka na kwa serikali. Walitetea koo zao, lakini kwa kufanya hivyo walisema hadharani kile ambacho bakopi walinong'ona, kwamba mgawo wa 1900 ulifanywa na watu waliojigawia wenyewe.

Kabaka Daudi Chwa, aliyefikisha umri wa kutawala mwaka 1914, hakuwa tena mtoto, na alielekea kuwaonea huruma bataka. Kagwa na Lukiiko walikataa. Mtu aliyeandika historia ya koo za Buganda kwa uangalifu mkubwa ndiye aliyesimama kuzuia koo hizo zisirudishiwe ardhi. Serikali ya kikoloni iliunda tume, tume ikasikiliza mashahidi, na mwaka 1926 waziri wa makoloni mjini London aliamua kwamba mgawo hautafumuliwa.

Kagwa alishinda, lakini mwaka huo huo aliondoka madarakani. Waingereza waliokuja baada ya vita kuu ya kwanza walikuwa maofisa vijana ambao hawakukumbuka mwaka 1897 wala deni lolote kwake. Mkuu wa jimbo, J. R. P. Postlethwaite, aliwasiliana na machifu wa chini bila kupitia kwa Katikiro. Ugomvi wao uliwaka kwa jambo lililoonekana dogo, vibali vya kuingiza pombe makao makuu, lakini kiini chake kilikuwa nani mwenye amri Buganda. Kagwa, mzee mwenye umri wa zaidi ya miaka 60 na afya inayodhoofika, alijiuzulu mwaka 1926. Alianza safari ya kwenda Uingereza kupeleka malalamiko yake juu ya serikali aliyoitumikia tangu ujana. Alifika Nairobi. Huko aliugua na kufariki dunia Februari 1927.

Baada yake

Mwaka mmoja baadaye, kwa msukumo wa Waingereza walioogopa kwamba mkulima aliyekamuliwa mno ataacha kulima pamba, ilianza kutumika sheria ya busuulu na envujjo ya mwaka 1928. Kodi ya shamba iliwekwa shilingi 10 kwa mwaka, na kwa pamba au kahawa shilingi 4 kwa ekari kwa mashamba madogo. Muhimu kuliko hayo, bwana alizuiwa kumfukuza mpangaji bila amri ya mahakama. Viwango hivyo havikubadilishwa kwa miongo mingi, shilingi ikaendelea kushuka, na hatimaye mwenye hati alibaki na karatasi yenye heshima lakini yenye mapato hafifu.

Upande wa pili wa mpaka, mkoani Kagera, ulikuwapo mfumo wa aina hiyo ulioitwa nyarubanja, ambamo wakulima walilima mashamba ya wakuu waliopewa na Bakama, watawala wa Wahaya. Tanzania ilichukua njia ya kuukata. Mwaka 1963 ilifuta utawala wa machifu na umiliki wa ardhi usio na ukomo, mwaka 1965 ikatunga sheria ya kuwakomboa wapangaji wa nyarubanja, na mwaka 1968 ikapanua ukombozi huo kwa mifumo mingine ya upangaji wa kimila.

Buganda haikuchukua njia hiyo. Michael Kawalya Kagwa, mtoto wa Sir Apolo, alifanywa Katikiro mwaka 1945. Aprili 1949 wananchi waliandamana hadi ikulu ya Mengo wakitaka machifu wachaguliwe na wapiga kura, wapate kuuza pamba yao wenyewe na serikali ya Katikiro iondolewe. Nyumba za machifu zilichomwa moto, na Kawalya Kagwa aliacha madaraka mwaka 1950.

Mwaka 1975 Idi Amin alitangaza ardhi yote ya Uganda kuwa ya serikali na kugeuza mailo kuwa ukodishaji, amri iliyofuta pia ulinzi wa mwaka 1928. Katiba ya mwaka 1995 iliirudisha mailo. Sheria ya Ardhi ya 1998 ikamtambua mwenye kibanja, mrithi wa mkopi, na kumtaka alipe kodi ndogo ya mwaka. Marekebisho ya 2010 yaliweka kwamba hawezi kuondolewa ila kwa amri ya mahakama, tena kwa kosa la kutolipa kodi hiyo.